Askari Mbele ya Maandishi: Ufahamu wa Kusoma katika Petite Barrière

Mlinzi wa mpakani hupewa silaha, filimbi, daftari na kalamu. Silaha aweza kumaliza utumishi wake wote bila ya kuifyatua hata mara moja, na huo ndio utumishi mwema. Lakini maandishi huyakabili kila saa ya zamu yake. Kuna kitambulisho cha mama aliyejitwika kapu la nyanya, kuna stakabadhi ya ushuru, kuna waraka ulioletwa usiku kutoka makao makuu, kuna maelezo ya mtuhumiwa yanayongoja kutiwa saini. Katika yote hayo askari ni msomaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Makala haya yanakusudia kueleza maneno machache ya msingi ambayo waalimu wa lugha huyatumia katika somo la ufahamu, na kuyaonyesha yakifanya kazi mahali ambapo kosa la kusoma halimpunguzii mtu alama za mtihani, bali humtia mahabusu, au humnyima riziki ya siku.

Mahali penyewe ni Petite Barrière, yaani Kizuizi Kidogo, kati ya Gisenyi katika Wilaya ya Rubavu, Rwanda, na mtaa wa Birere katika mji wa Goma, Kongo. Usidanganywe na hilo neno "kidogo". Kizuizi Kikubwa kiko kusini, karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, na hicho ndicho njia ya magari na wageni. Hiki Kidogo ndicho njia ya miguu, na kwa miaka mingi watu waliovuka hapa kwa siku moja wamehesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao ni wanawake wenye mboga, viazi, maziwa, mayai na nguo, pamoja na walemavu wanaosukuma mizigo juu ya baiskeli za magurudumu matatu. Mtu aweza kuvuka asubuhi, akarudi mchana kuchukua mzigo wa pili, kisha akarejea kwake jioni. Kila mara hukutana na askari, na kila mara kuna karatasi.

Mpaka huu wenyewe ni zao la karatasi. Mwaka 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels wakakubaliana juu ya mstari ugawao nchi hizi, na watu waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa neno. Tarehe 20 Septemba 1976, papa hapa Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na miongoni mwa makusudio yake lilikuwamo la kuwarahisishia watu na bidhaa njia ya kupita. Karatasi moja iliweka mstari, karatasi nyingine ikajaribu kuulegeza. Askari wa leo husimama katikati ya hizo mbili.

LUGHA NNE KATIKA HATUA KUMI

Hapana budi kwanza tutaje ugumu wa mahali. Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza, na Kiswahili kilichoongezwa mwaka 2017. Kongo ina Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Basi waraka waweza kufika kwa Kifaransa, amri kwa Kinyarwanda, fomu kwa Kiingereza, na mazungumzo yote yanayozihusu hati hizo yakafanyika kwa Kiswahili. Askari husoma kwa lugha moja na kueleza kwa lugha nyingine.

Hapo ndipo maneno mawili ya kwanza yanapohitajiwa. Kutafsiri ni kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine. Kufasiri ni kueleza maana yake. Watu wengi huyachanganya, hata magazetini, lakini mbele ya kizuizi tofauti yake ni kubwa. Mfanya biashara akiuliza, "Hapa pameandikwa nini?", anaomba tafsiri, naye apewe yaliyoandikwa, si zaidi wala pungufu. Akiuliza, "Kwa hiyo mimi naruhusiwa?", anaomba fasiri, na hapo askari anatoa uamuzi unaotokana na usomaji wake mwenyewe. Askari anayejibu swali la kwanza kwa jibu la swali la pili amekwisha kuiweka akili yake mahali pa sheria, na yule mama hana njia ya kujua.

WAZO KUU NA NENO LA KUTENGA

Kila habari iliyoandikwa kwa makini ina wazo kuu, yaani lile jambo moja ambalo mengine yote yamekuja kulitumikia. Kulipata si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuyapata mambo yanayolipunguza wazo hilo, nayo aghalabu hukaa nyuma ya neno dogo: isipokuwa, ila, mradi, endapo, hata kama. Hayo tuyaite maneno ya kutenga na ya sharti. Ni mafupi, hayapigwi mstari wala kuandikwa kwa herufi kubwa, na humo ndimo haki za watu zinamokaa.

Tuchukue mfano wa kweli. Tarehe 21 Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, Serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba mipaka inafungwa, isipokuwa kwa mizigo na bidhaa, na kwa raia wa Rwanda na wakaazi halali wanaorejea nyumbani, ambao wangewekwa karantini. Wazo kuu ni kufunga. Neno la kutenga ni isipokuwa. Vilivyotengwa ni vitu viwili, na kila kimoja kina maneno yanayohitaji kufasiriwa.

Sasa fikiri asubuhi ya siku iliyofuata, mama amesimama na gunia la kabichi kichwani. Je, huyu ni mtu, au ni bidhaa? Swali laonekana la mzaha, lakini si la mzaha. Msomaji wa juu juu aweza kusema: bidhaa zimeruhusiwa, kabichi ni bidhaa, na kabichi haitembei yenyewe, basi na apite. Msomaji mwingine atasema: watu wamezuiwa, huyu ni mtu, arudi. Wote wawili wameyasoma maneno yale yale. Wanapotofautiana ni katika jambo ambalo waalimu huliita lengo la mwandishi: tangazo hili liliandikwa ili kuzuia nini? Liliandikwa kuzuia maradhi yanayosafirishwa na watu. Dereva mmoja wa lori lenye tani nyingi, ambaye aweza kupimwa na kufuatiliwa, si sawa na maelfu ya watu wanaobanana kizuizini na furushi moja moja. Kwa hiyo usomaji wa pili ndio uliolingana na lengo, ingawa ulikuwa mchungu. Baadaye wafanya biashara wadogo walijikusanya katika vikundi na vyama vya ushirika, bidhaa zao zikapakiwa pamoja na kuvushwa kwa gari huku wenyewe wakibaki upande wao. Utaratibu huo ulikuwa fasiri ya tangazo lile kwa vitendo: bidhaa zilipita, watu hawakupita.

Naomba nisieleweke vibaya. Lengo la mwandishi si ruhusa ya askari kujitungia sheria. Lengo huulizwa pale tu ambapo maneno yenyewe yana njia mbili. Raia wa Rwanda aliyekuwa akirejea nyumbani siku ile alikuwa ametajwa waziwazi. Hakuna lengo lolote ambalo lingeweza kuleta hoja ya kumrudisha Goma.

USHURU SI KODI

Neno la tatu ni istilahi. Istilahi ni neno lililopewa maana maalumu katika fani fulani, hata kama mtaani lina maana pana zaidi. Hatari yake ni kwamba linafanana na neno la kawaida, na msomaji hupita bila ya kusimama.

Soko la pamoja la COMESA, ambalo Rwanda na Kongo zote ni wanachama, lina utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya wafanya biashara wadogo wa mipakani. Chini ya utaratibu huo, bidhaa zilizomo katika orodha waliyokubaliana majirani, zikiwa zimetoka katika nchi wanachama na thamani yake haikuzidi kiwango kilichowekwa, husamehewa ushuru wa forodha. Sentensi hiyo moja ina masharti matatu na istilahi moja. Ushuru wa forodha ni ule unaotozwa kwa sababu bidhaa imevuka mpaka. Kodi nyingine za ndani ya nchi, kama ile ya ongezeko la thamani, hazikutajwa katika msamaha, wala vyeti vya afya ya mimea na mifugo.

Mtaani watu husema "kodi" au "ushuru" kwa kila fedha inayodaiwa na mwenye kofia. Basi mama aambiwapo kwamba bidhaa yake "haina kodi", huja kizuizini akiamini hadaiwi hata senti. Afisa naye akidai malipo halali ya aina nyingine, mama huona ameibiwa. Na kwa upande wa pili, afisa asiye mwaminifu hujificha katika utusitusi huo huo: huomba fedha na kuipa jina la istilahi ambayo mama haijui. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilichapisha uchunguzi juu ya wanawake wanaofanya biashara ndogo katika mipaka ya mashariki ya Kongo. Ulieleza kwamba malipo yasiyo ya halali, vitisho na unyanyasaji kutoka kwa watu waliovaa sare vilikuwa jambo la kawaida, na kwamba kutojulikana wazi kwa kanuni kulichangia sana. Jambo hilo ni chungu kusomwa na watu wa vyombo vyetu, lakini limeandikwa, na hatuna budi kulisoma.

Uchunguzi huo pia ulitaja wingi wa idara zinazojikusanya mpakani. Na hapa pana hati nzuri ya kufanyia zoezi. Tarehe 28 Machi 2002 Kongo ilitoa dekreti iliyotaja huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi katika vituo vya mipaka. Zilitajwa nne: forodha, uhamiaji, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, na afya. Msomaji ajiulize: je, hii ni orodha iliyofungwa, au ni orodha ya mifano? Orodha ya mifano huwa na maneno kama "kwa mfano", "kama vile", "na kadhalika". Orodha iliyofungwa haina. Ikisemwa kwamba wanaoruhusiwa ni hawa wanne, maana yake wa tano hayumo, hata kama ana sare, meza na kitabu cha risiti. Kwa miaka mingi baada ya dekreti hiyo, meza za mpakani zilizidi nne. Waliozisimamisha walikuwa wanajua kusoma. Waliisoma orodha iliyofungwa kana kwamba mwishoni ina "na kadhalika".

MUKTADHA: JAMBO LA KUFA NA KUPONA

Muktadha ni mazingira ya neno: maneno yanayolizunguka, mtu anayelitamka, na mahali anapolitamkia. Katika shule muktadha hufundishwa kwa methali na mashairi. Katika kituo cha polisi hufundishwa na maelezo ya shahidi.

Kiswahili cha Goma si kile cha Unguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wala si kibovu. Kina kanuni zake na maneno yake, na wanaokisema ni mamilioni. Lakini kina maneno yanayofanana sura na ya sanifu huku maana zake zikiwa mbali, na haya ndiyo ya kumwogopesha mwandishi wa maelezo. Tuseme mwendesha pikipiki anahojiwa kwa nini alivuka kizuizi bila ya kusimama, naye anajibu: "Nilipita juu ya mtoto." Askari aliyesoma Morogoro au Mombasa aweza kuandika kwamba mshukiwa amekiri kumkanyaga mtoto kwa pikipiki. Kumbe katika Kiswahili cha Kongo "juu ya" ina maana ya "kwa sababu ya". Mtu amesema alipita kwa ajili ya mtoto, pengine mgonjwa, pengine yuko mgongoni mwa mama yake kwenye kiti cha nyuma. Maelezo yale yale yamegeuka kutoka udhuru hadi kukiri kosa la jinai, na hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa.

Mfano wa pili unahusu rushwa. Mwanamke analalamika: "Nilitosha franga elfu tano pale barieri." Msomaji wa sanifu ataona sentensi isiyo na maana, maana kwake kutosha ni kukidhi haja, ataikata na kuandika kwamba mlalamikaji alikuwa na fedha za kutosha. Lakini katika Kiswahili cha Kongo kutosha ni kutoa, kama vile kitu kinavyotolewa mfukoni. Mlalamikaji amesema alitoa fedha elfu tano kizuizini. Hilo ndilo kiini cha malalamiko yake, nalo limefutwa na kalamu iliyodhani inasahihisha lugha.

Upande wa Gisenyi nako kuna mitego yake. Msemaji wa Kinyarwanda aghalabu hubadilishana sauti za "r" na "l" anapozungumza Kiswahili, na kijana akisema amekwenda "kutafuta mahari", aweza kuwa anatafuta mali ya kuolea, au anatafuta mahali pa kulala. Na mtu wa Goma akisema "niko mwalimu", hajasema yuko kwa mwalimu. Amesema yeye ni mwalimu.

Dawa yake ni nyepesi. Maneno ya shahidi na yaandikwe kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, kisha fasiri iandikwe pembeni kwa jina la aliyeitoa. Hivyo atakayesoma baadaye, awe mpelelezi au hakimu, ataona vitu viwili vilivyotenganishwa: neno la shahidi na maana aliyopewa na afisa. Kuvichanganya ni kuuficha ushahidi hata kama nia ilikuwa njema.

VIAMBISHI VINAVYOAMUA KESI

Lugha yetu huweka wakati, sharti na mtenda ndani ya kitenzi kimoja, na silabi moja yatosha kugeuza habari. "Alivuka" ni habari iliyokwisha, na pengine mtu amekwisha kurudi. "Amevuka" hutuambia kwamba tokeo la kuvuka lingali linaendelea: yuko ng'ambo. Afisa wa zamu ya usiku akikuta katika daftari "mtu aliyevaa koti jeusi amevuka", atamtafutia upande wa pili; akikuta "alivuka", hana budi kuuliza zaidi.

Vivyo hivyo "akija mkamateni" na "atakapokuja mkamateni". Katika ya kwanza, kuja ni jambo la huenda. Katika ya pili, mwandishi ana habari kwamba mtu huyo atakuja, na swali lililobaki ni saa tu. Kamanda anayepanga idadi ya walinzi kwa usiku ule atapanga tofauti kwa silabi hizo. Tena kuna kauli ya kutendwa: "alipigwa", "fedha zilichukuliwa", "lango lilifunguliwa". Kauli hiyo ni halali, lakini humficha mtenda. Kila inapotokea katika taarifa ya polisi, msomaji aweke alama ya kuuliza ukingoni: na nani? Nimeona kwamba taarifa zinazohusu makosa ya askari wenyewe hujaa kauli ya kutendwa kuliko taarifa nyingine zote, na hilo si jambo la sarufi peke yake.

Neno "mpaka" nalo lastahili kutajwa, kwa kuwa ndilo jina la mahali tunapopazungumzia. "Watu wasivuke mpaka saa kumi na mbili" ina usomaji mbili: wasiuvuke mpaka ifikapo saa hiyo, au wazuiwe hadi saa hiyo ndipo waruhusiwe. Mwandishi wa amri na aandike "hadi", au "kuanzia", aepukane na balaa. Na hiyo saa kumi na mbili ni ipi? Kwa hesabu ya Waswahili ni jua kuchomoza au kuchwa. Kwa aliyezoea saa za Kifaransa ni mchana wa jua la utosi. Isitoshe, saa ya Rwanda na Goma iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Wanajeshi wa nchi za SADC, Watanzania wakiwamo, walipoanza kuondoka Goma mwishoni mwa Aprili 2025 na kupitia Rwanda kuelekea Tanzania, safari yao ilikuwa ya kutoka saa moja kwenda nyingine. Ratiba ya msafara wa namna hiyo isiyotaja ni saa ya wapi ni ratiba ya kupotezana.

KAULI, DAI, USHAHIDI, DOKEZO

Maneno haya manne ni ndugu, lakini si mapacha. Kauli ni jambo lolote lililosemwa. Dai ni kauli inayotaka kukubaliwa. Ushahidi ni kile kinacholisimamisha dai. Dokezo ni jambo ambalo mwandishi hakulisema, ila ameliacha lionekane. Katika mji wa mpakani, vipeperushi na matangazo huja kwa wingi nyakati za hatari, na aghalabu yamejaa madokezo na madai huku ushahidi ukiwa haba.

Hata hati halali huzaa mabishano. Kundi la M23 lilichukua jina lake kutoka tarehe ya hati: mapatano ya Goma ya 23 Machi 2009, kati ya Serikali ya Kongo na CNDP. Walioasi mwaka 2012 walidai kwamba mapatano hayo hayakutekelezwa. Serikali ilikuwa na usomaji wake. Mwezi wa Novemba 2012 kundi hilo liliingia Goma, na Januari 2025 likaiteka tena. Hatusemi kwamba vita vilitokana na ufahamu mbaya wa kusoma. Vita hivyo vina mizizi mingi na mirefu. Lakini yafaa askari ajue kwamba tarehe aliyoizoea kuisikia kama jina la jeshi ni tarehe ya karatasi iliyotiwa saini kilomita chache kutoka kizuizini pake.

Tena tangazo lina umri. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2019, wakati wa maradhi ya Ebola, watu walizuiwa kuvuka kutoka upande wa Rwanda, na kabla ya siku kwisha njia ilikuwa wazi tena. Aliyesoma habari ya asubuhi saa za jioni alisoma habari ya kweli iliyokwisha kufa. Ndiyo maana mazoezi ya ufahamu huanza na maswali yanayodharauliwa: nani kaandika, lini, kwa nani?

Na kwa nani ni swali zito. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini akaamuru watu wahame kutoka mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma, kwa kuhofiwa mlipuko wa pili. Maneno mazito katika amri hiyo ni "10 kati ya 18", pamoja na majina ya mitaa yenyewe. Anayeipokea na kuipaza kwa sauti akisema "Goma inahamishwa" amefanya ufupisho mbaya: ameliacha wazo kuu likiwa zima, lakini ameivunja mipaka yake. Watu ambao hawakutajwa huingia njiani wakawazibia waliotajwa. Laki za watu zilitoka siku ile, wengine wakielekea Sake na wengine vizuizi vya Rwanda, na kila askari aliyesimama njiani aliulizwa swali moja: mtaa wangu umo?

UFUPISHO WA KUKABIDHIANA ZAMU

Ufupisho, au muhtasari, ndio mtihani wa ufahamu wote, kwa kuwa mtu hawezi kukifupisha asichokielewa. Daftari la zamu si kingine ila ni ufupisho. Kanuni zake zajulikana: wazo kuu libaki, mifano iondoke, majina na namba zisiguswe, wala lisiongezwe jambo ambalo halikuwamo. Hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi. Askari huandika "mwanamke mkaidi alirudishwa", na neno "mkaidi" ni tathmini yake mwenyewe iliyojipenyeza katika taarifa. Kutathmini kuna mahali pake, katika ripoti kwa mkubwa wa kituo, baada ya kueleza tukio. Katika daftari la zamu yatosha kuandika: "Saa 3.20 asubuhi, saa ya Rwanda. Mwanamke mmoja, viazi gunia moja, alirudishwa na mimi kwa kukosa kitambulisho. Alisema kiko nyumbani Birere na atarudi nacho." Anayepokea zamu saa nane atajua nani amerudishwa, kwa sababu gani, na nani aliyemrudisha, na yule mama akitokea na kitambulisho chake mkononi, hataanza upya kueleza habari yake mbele ya mtu asiyemjua.